Thelathini na Sita

Wewe, shika simu! Shemeji yangu ananichezea shere.

Asubuhi nimepima upepo wa pikipiki yangu ya matairi matatu. Nyuma nimekuta thelathini na sita. THELATHINI NA SITA! Mimi nabeba mikate tu, sijawahi kuzidisha ishirini na nane.

Nikamuuliza, "Shemeji, jana uliitoa?"

Akaapa, "Haki ya Mungu, hata kuigusa sijaigusa."

Hata kuigusa, jamani!

Nikachuchumaa nipunguze upepo. Mara akanirukia, "Usipunguze, shemeji! Ile saruji ya leo itayalaza matairi!"

Nikamkazia macho. "Saruji ya leo ipi?"

Akachukua ndoo ya maji.

Sasa hivi yuko nje, anaiosha pikipiki. Hakuna aliyemtuma. Ameanza na sehemu ya mzigo.