Mzee wa Baraza wa Jakobsberg

Jakobsberg, Stockholm
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Bethuel,

Goti limeamkaje? Naanza na goti kwa sababu binti yako Dorothy amekuchongea kwangu: ati unaficha maumivu mpaka ushindwe kusimama kanisani. Tafadhali nenda hospitali, usimsubiri Dorothy akubebe.

Sisi tu wazima. Njuguna wangu bado anaendesha mabasi na kulalamikia theluji. Lorraine ametimiza miaka kumi na sita. Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiswidi.

Sasa kaa vizuri. Mjomba, mimi ni mzee wa baraza! Ndiyo, mimi Wilkister, mtunza wakongwe, nakaa mbele mahakamani kando ya jaji, wala si kwenye kizimba kama ulivyotabiri nilipovunja dirisha la shule kule Kitale. Nina furaha mpaka naimba nikifua.

Huku chifu hateui mtu. Vyama vya siasa hupeleka majina, madiwani wakayapitisha. Mama mmoja wa chama chetu alihama, nafasi ikabaki wazi. Mimi nilikuwa nimejiunga mwaka juzi, wakati wa kupigania lifti mbovu ya hapa mtaani. Wakaniuliza kama nitapenda. Nilikubali kabla hawajamaliza swali.

Hapo ndipo tulipojiaibisha. Mimi na rafiki yangu Denise, Mkongo wa Bukavu tunayeimba naye kwaya, tulijua uchaguzi ni kampeni. Tukachapisha vipeperushi mia mbili vyenye picha yangu, tukavigawa stesheni kwenye baridi kali. Mzee mmoja aliitazama picha, akanitazama mimi, akanipa pole na kusema anashukuru kwamba nimepatikana.

Siku ya kikao cha madiwani Denise akaniambia, "Dada, tunakuja na bamama bote!" Wakaja kweli akina mama wa kwaya, vitenge juu ya makoti, wakajaza viti vya wageni. Tulingoja saa mbili nzima. Mwenyekiti akasoma jina langu, akauliza kama wanakubali, wakasema ndiyo, akagonga nyundo. Basi! Hakukuwa na mpinzani wala kura. Denise alipokuja kupiga vigelegele, madiwani walishafika kwenye ajenda ya mabomba ya maji taka. Mwenyekiti alishusha miwani, akatutazama.

Tulicheka njia nzima, isipokuwa Lorraine. Akasema, "Mamma, det är ju inte rättvist." Yaani hiyo si haki. Wengi hapa hawana chama chochote, je, wao nani anawapeleka? Na kama nisingepigania lifti, nani angenijua?

Siku tatu nilitembea na barua ya kukataa ndani ya mkoba. Niliona aibu. Nitamhukumuje mtu, mimi niliyeingia kwa mlango wa uani?

Ndipo nikakukumbuka wewe. Chifu alikuteua uwe mzee wa baraza kwa sababu ulikuwa na baiskeli na ungefika mahakamani mapema. Hiyo nayo ilikuwa haki? Lakini ulimsikiliza yule fundi wa pampu siku nne, na wewe na wenzako wawili mkasema hakuua. Jaji akawaambia asante sana, kisha akamtia hatiani. Maoni yenu yalikuwa ya kusikilizwa tu. Tulipokuwa watoto tulijua kwamba ukiambiwa asante unageuza uso, na mama akatueleza ni kwa nini.

Nikaichana ile barua. Chamani nimewaambia waziwazi kwamba majina yatolewe kwa bahati nasibu, kutoka kwa wakazi wote. Wameanza kuniona msumbufu, na waendelee. Lakini kiti nimeshakikalia, basi nikikalie vizuri.

Jumanne ilikuwa kesi yangu ya kwanza. Mshtakiwa alikuwa baba wa makamo. Nilisikiliza mpaka shingo ikauma. Kisha tukafungiwa chumbani wanne: jaji na sisi wazee wa baraza watatu, na kura ya kila mmoja wetu ni sawa na ya jaji. Tuliyosemezana humo yana kiapo, hata wewe siwezi kukwambia. Nitakwambia jambo moja tu, tena mwishoni, maana nikilisema sasa hutasoma salamu.

Nisalimie Dorothy na wanawe, na jirani yako Ludovick, umwambie bado nakumbuka njugu zake. Njuguna na Lorraine wanakusalimu. Lorraine amesema "hälsa", nami nimekutafsiria. Mungu akulainishie goti na akuongezee miaka ya kutugombeza.

Na lile jambo moja, Mjomba: jaji alitoa maoni yake, kisha akanigeukia na kuniuliza yangu. Nikayasema. Hakuniambia asante. Alichukua kalamu, akaandika: kura moja.

Mpwa wako akupendaye toka enzi za lile dirisha,
Wilkister