Mdudu Asiyeogopa Moshi

Mikoroshoni, Jilore
12 Oktoba 1987

Kwa mwanangu Hannah,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, mguu ule umepoa, na mbuzi amezaa mapacha. Natumaini homa haijakurudia huko Kilifi, na kwamba unakula chakula, si chai na mkate kila siku. Barua hii nimeiandika mwenyewe. Mwalimu wa ngumbaru anasema herufi zangu zimelala, lakini zinasomeka.

Mwanangu, kuna mdudu amenivamia uchagani. Tangu niolewe nimeweka mahindi na maganda yake juu ya jiko, moshi unayapiga mpaka yanakuwa meusi, na fukusi akija hakai. Huyu anakaa. Wiki ya pili sasa, kila nikipika unga unanyesha kutoka juu mpaka ndani ya sufuria. Nimeshusha hindi moja nikalibana mkononi, likavunjika kama biskuti.

Fukusi namjua, ana pua ndefu. Huyu hana pua. Ni wa rangi ya kahawa iliyoiva, mdogo kuliko punje ya mchele, kichwa amekiinamisha chini kama mtu aliyejitanda kanga, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Anakula hata mti. Mwiko wangu ameutoboa, na nguzo za uchaga alizochonga marehemu babako zinamwaga vumbi.

Nilimwambia babako mdogo Kombe, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa ghala la kijiji. Akacheka mbele za watu. "Mjane akiuonea moto uvivu, wadudu humzoea." Mimi, kuuonea moto uvivu! Na mwezi wa nane yeye alishusha ghalani magunia arobaini ya rahisi, hayajulikani yametoka wapi. Kabla ya magunia yale sikumwona mdudu huyu.

Dama jirani anakuja hospitali huko, nimempa kiberiti chenye wadudu wanane. Wewe uko ofisi ya Umoja wa Maghala, kazi yao ni hii. Pole sitaki. Nataka jina lake na kinachomuua.

Ni mimi mamako,
Kavumbi

*

Kilifi
23 Oktoba 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu umepoa. Mimi sijambo, homa imekwisha, na ninakula, usinifikirie mtoto. Barua yako imesomeka vizuri kuliko za meneja wetu.

Mama, mimi ni taipisti tu, lakini kiberiti nilimpelekea meneja. Alikifungua akatazama kidogo. "Fukusi ni fukusi," akasema, "mwambie mamako awashe moto." Akakitupa kwenye kapu la taka. Alipotoka kula nikakiokota. Walikuwa sita. Wawili wametoboa ubao wa kiberiti wakatoka.

Sasa nikueleze jambo, usikasirike. Nimetafuta kwenye mafaili. Karatasi ya ukaguzi wa ghala la Baba Kombe ya mwezi wa nane inasema mahindi ni safi na makavu. Imetiwa saini na meneja. Lakini mwezi ule wote meneja hakutoka Kilifi, gari lilikuwa limeharibika, na barua za gari lile nilizipiga mimi mwenyewe.

Nakuomba usigombane na Baba Kombe hadharani. Ndiye aliyenisemea nikapata kazi hii, na yeye na meneja ni marafiki. Subiri kidogo, huenda nikapata mtu wa kumuuliza.

Mwanao akupendaye,
Hannah

*

Mikoroshoni
16 Novemba 1987

Hannah mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, natumaini na wewe u mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika zaidi. Unaniambia nisubiri. Mdudu kakwambia anasubiri?

Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimechukua makopo mawili makubwa ya samli. Moja nikatia hindi na gunzi lake, la pili nikatia punje nilizopukuchua. Kila kopo wadudu kumi, nikafunika kwa kitambaa. Baada ya wiki tatu lile la gunzi lilikuwa unga mtupu, na wadudu sikuweza kuwahesabu. La punje lilikuwa na matobo, ndiyo, lakini mahindi bado ni mahindi. Nimemwelewa. Anataka punje zilizoshikana, apate pa kujikazia anapotoboa. Zikilegea anateleza.

Basi nimeushusha uchaga wote. Mama mkwe angekuwa hai angezirai, maana kwetu mahindi hukaa na ganda lake mpaka siku ya kupikwa. Dama na wanawake wengine sita walikuja tukapukuchua siku tatu, tukachekecha, tukaanika juani. Yalikuwa magunia tisa, nimebaki na manne na nusu. Unga wa mdudu hata kuku waliuparura wakauacha.

Kisha nguzo na fito nikazichoma moto. Nililia, Hannah, sikufichi. Babako alikwenda msituni siku mbili kuitafuta miti ile. Lakini kila nguzo niliyoipasua ilikuwa imejaa wao.

Kombe alikuja moshi ukiwa bado unafuka. "Umechoma kazi ya mikono ya ndugu yangu!"

Nikamwambia, "Ndugu yako alijenga kulisha wanawe. Hakujenga kulisha wadudu."

"Nitakuitisha kwa wazee."

"Niitishe, nitakuja. Lakini kwanza fungua ghala tuone."

Alishika funguo zake mfukoni akaondoka. Hakufungua. Nimesimama nje ya ghala lile, mwanangu. Chini ya mlango kuna mstari mweupe wa unga kama mtu amechora kwa chaki. Humo mna mahindi ya kaya thelathini.

Nakutumia wengine, safari hii kwenye mkebe wa bati. Usiwape watu wa kapu.

Mamako

*

Kilifi
5 Desemba 1987

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako zile zile. Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Wiki iliyopita alikuja mtaalamu wa wadudu kutoka Mombasa kufundisha wakaguzi, mwanamke wa Kikamba, Bi. Mumbua. Nilingoja wote watoke nikamfuata na mkebe wako. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akatazama. Kisha akauliza, "Huyu umempata wapi?" Nikamsomea barua zako zote mbili, pale pa mama mkwe nikaparuka. Nilipofika kwenye makopo ya samli alisema, "Mamako amefanya jaribio ambalo mimi huwaomba vijana wangu walifanye, hawalifanyi."

Jina lake ni dumuzi, mama. Ametoka mbali, ng'ambo ya bahari, akaingia Tanzania kabla ya kuvuka kwetu, na husafiri na magunia. Moshi haumtoshi. Ulivyofanya ndivyo: kupukuchua, kuanika, kuchoma miti aliyoingia. Anasema uongeze haya. Ukitaka kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Kisha changanya na dawa ya unga ya mahindi ya kula, ile hasa, si ya pamba. Ya pamba inaua mdudu na mlaji. Na ghala jipya liinue juu ya miguu, kila mguu uuvishe bati kama mwavuli, panya asipande.

Bi. Mumbua alipoomba aende Jilore, meneja alisema hakuna haja. Alipoondoka nikaitwa chumbani kwa meneja. Baba Kombe alikuwa ameketi humo ndani. Meneja akanipa mwandiko wake niupige taipu: kwamba ghala limekaguliwa tena, hakuna mdudu mgeni, na magunia sitini yauzwe kwa shule moja ya bweni upande wa Marafa.

Nikasema, "Hii siwezi kuipiga."

"Umesahau wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni taipisti. Ndiyo maana najua hamkwenda."

Baba Kombe hakuniangalia. Meneja alisema nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Hivyo niko chumbani kwangu. Taipureta ya ofisi sina, lakini kalamu ninayo, na Bi. Mumbua nimemwandikia Mombasa nikamtajia tarehe zote.

Uliniambia niache kusubiri. Nimeacha.

Mwanao,
Hannah

*

Mikoroshoni
18 Januari 1988

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na Dama anakusalimu, na wote waliopukuchua wanakusalimu. Nisamehe kwa kimya changu. Nilikuwa na aibu kwamba nilikusukuma mpaka ukaondolewa kazini. Leo nina la kukueleza.

Jumanne asubuhi lori lilikuja kuchukua magunia ya shule. Dereva ni Awadh, kijana mmoja wa Malindi. Sisi tulikuwa pale kabla yake, wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na chekecheke lake. Kombe alipotuona akasema, "Mmekuja kufanya nini?"

Nikamjibu, "Kuchekecha. Watoto wa shule hawana mama pale jikoni. Leo mama zao ni sisi."

"Ghala ni la kamati!"

Dama akasema, "Na mahindi ni yetu. Mimi nimeweka magunia matatu humo. Nayataka niyaone."

Akafungua, kwa sababu lori lilikuwa linangoja na watu walikuwa wameshajaa. Hannah, harufu ilitutangulia. Wapagazi walibeba gunia la kwanza, likawapasukia mabegani. Hayakuwa mahindi. Ulikuwa unga na wadudu wanaotembea. Nilichota nikachekecha mbele ya Awadh, nikamwonyesha kilichobaki juu, punje chache tena matundu matupu. Alizishika, akatazama mikono yake, akaifuta kwenye shuka aliyojifunga.

"Mzee," akamwambia Kombe, "mimi kesho napakia mchele wa watu kwenye lori hili. Hawa siwapakii." Akapanda, akageuza, akaenda zake na lori tupu.

Kombe aliketi chini pale mlangoni. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alikuwa anatafuta gunia lake.

Siku tatu baadaye Bi. Mumbua alifika na gari na barua kutoka kwa wakubwa wake. Katika magunia mia na themanini ya ghala lile, yaliyofaa kuokolewa ni sitini na mbili. Mengine yamechomwa. Tumelia njaa tunayoiona inakuja. Lakini punje za mbegu tumezitenga, kavu, zenye dawa, na maghala manne mapya yamesimama yakiwa na bati miguuni.

Wazee wameniita mara mbili niombe radhi kwa kuchoma nguzo na kumvunjia shemeji heshima. Mara mbili nimekwenda, nimewaamkia, nimekaa. Sikuomba.

Mamako,
Kavumbi

*

Kilifi
27 Januari 1988

Mama,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mwenye nyumba wangu, Bi. Shekha, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Jana nimeitwa ofisini. Meneja hajahamishwa wala hajaulizwa chochote, mpaka sasa. Anasema nafasi yangu ipo, nikiandika barua ya kuomba radhi kwa utovu wa nidhamu. Mistari mitatu inatosha, amesema. Bi. Shekha ananishauri niandike, mistari mitatu haiui mtu. Najua huko mna njaa, na mshahara wangu ungesaidia. Wewe wasemaje?

Mwanao,
Hannah

*

Mikoroshoni
2 Februari 1988

Hannah,

Salamu. Sisi tunakula mara moja kwa siku, na hatujafa.

Jana Kombe alikuja kuuliza mbegu, kwa kuwa zake zote zilikuwa humo ghalani. Nilimwambia nitampa, lakini aje apukuchue na sisi mahindi ya majirani yaliyobaki. Alikuja. Leo amekaa na wanawake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, vidole vimemchubuka. Alipoondoka akaniambia, "Shemeji, karatasi ile ya ukaguzi niliomba mimi iandikwe." Nikamwambia akaseme hivyo kwa Bi. Mumbua. Amesema atakwenda. Akienda, akikaa, mimi sijui.

Kuhusu mistari mitatu, njaa yangu usiitie humo. Hiyo ni yangu, nitaimudu. Wewe andika lililo kweli.

Mamako

*

Kilifi
9 Februari 1988

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nimeandika mistari mitatu kama alivyotaka. Nakala moja nimemtumia Bi. Mumbua, nyingine nimebandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Hii hapa:

"Mimi Hannah, binti Kavumbi wa Jilore, nilikataa kupiga taipu ripoti ya ukaguzi ambao haukufanyika.
Nikipewa tena nitakataa tena.
Nitarudi kazini Jumatatu saa mbili asubuhi, na kama nimefukuzwa naomba sababu iandikwe na itiwe saini."

Jana ilikuwa Jumatatu. Nilifika saa mbili kasorobo, nikafuta vumbi kwenye taipureta, nikatia karatasi. Wakaguzi walikuja mmoja mmoja kusoma ubao. Meneja alipofika alisimama pale, akasoma, akaingia kwake akafunga mlango.

Hakuna aliyetaka kuiandika ile sababu. Nimefanya kazi mpaka saa kumi na moja.

Mwanao,
Hannah