Colombe Bintu na Dalia ya Tano

Mwaka umetimia, mjukuu wangu Colombe, tangu homa ikuchukue ukiwa na miaka ishirini na mitatu.

Hapa Bagira wengi walikujua kwa maua. Uliyachora kwa kalamu ile isiyo na wino, juu ya tableti, nami mwanzoni nilidhani unacheza. Kabla ya kukata ua la mtu ulipiga hodi na kuomba. Ukimaliza kuchora, ulimpelekea mwenye ua picha yake imechapishwa.

Jirani yetu Papa Télesphore alipopokea picha ya arumu yake, ua jeupe la kando ya robine ya maji, alisema, "Ile yangu haiko muzuri hivi."

Ukamjibu, "Iko, papa. Ni weye unapitaka mbio."

Tangu siku hiyo anasimama pale kila asubuhi kulitazama.

Mimi bibi yako, koko kama ulivyoniita, nilikukosea mara moja. Niliona maua yako ya dalia yamenyauka kwenye jagi langu la bati, nikayatupa, nikaosha na jagi. Uliporudi ulishika kichwa: "Koko! Umetupa kazi yangu! Nilikuwa nazichora vile zinazeeka. Na weye ukizeeka, tukutupe?" Kisha ukanikumbatia, tukaenda pamoja kuziokota kwenye shimo la mbolea.

Picha yako ya mwisho ina dalia tano. Nne ulizimaliza. Ya tano ni mstari wa nje tu, ndani peupe, kwa kuwa ua lenyewe jagini lilikuwa halijafunguka. Ukitoka kwenda hospitali uliniambia, "Usiiguse, koko. Nangoja ifunguke." Ilifunguka siku tuliyokuzika. Sikuigusa mpaka petali yake ya mwisho ilipoanguka yenyewe.

Kaka yako Thierry alitaka kuimalizia, kwa heshima yako. Nilimkatalia, akanikasirikia siku nyingi. Ni uchungu, namwelewa. Lakini ni nani kati yetu angeiona dalia ile kwa macho yako? Juma lililopita alikuja na picha imechapishwa, nafasi ile ikiwa nyeupe vilevile. Akasema, "Koko, nimemuachia." Tukalia wote wawili.

Picha hiyo tutaibeba kwenye misa yako Jumamosi asubuhi.

Tunaokukumbuka ni mimi koko wako Bibiane, papa wako Honoré, maman wako Lucie, Thierry, na majirani wote ambao maua yao uliyaweka ukutani mwao.

Dalia zimechanua tena, nimezitia kwenye jagi. Zitakaa humo hata zikinyauka. Hatutakusahau siku hata moja, Colombe.