Mungu Anayeondoka na Padri

Wete, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nipe habari za mguu wako: bado unavimba, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na mahindi je, yamesalimika na ngedere? Sisi huku wazima, na neno hilo nimelitanguliza makusudi, ili Kaka Edwadi anapokusomea usishike kichwa kabla ya wakati. Danieli aliugua lakini amepona. Hivi ninavyoandika yuko uwanjani anafukuza kuku wa watu. Kilichonishtua zaidi si ugonjwa wake, mama. Ni dada yake, Agnesi.

Baba Agnesi hajambo. Wiki nzima yuko Ole kwenye kazi ya barabara, anarudi Jumamosi na lami hadi masikioni. Karafuu zimeanikwa kila uwanja, na barazani wanaume hawana lingine ila habari za kura. Sisi Wakristo ni wachache, kama unavyojua. Padri huja kwa boti kutoka Unguja mara moja kwa mwezi, tunasali nyumbani kwa karani mmoja wa bara, kisha tunamsindikiza gatini. Hapo Agnesi humpungia mikono yote miwili, juu kabisa, mpaka boti ipotee. Sisi hucheka. Baba yake humwambia mkono mmoja unatosha, padri ana macho.

Sasa sikiliza. Jumanne asubuhi nilikuwa kwa jirani yangu Bi Raya, namsaidia kuchambua karafuu. Danieli alikuwa amelala mkekani, nami nikidhani ni uvivu tu wa jua. Kumgusa, anaunguza. Punde macho yakamgeuka, akaanza kukakamaa. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika sokoni. Bi Raya akamtuma mumewe akatafute gari la kutupeleka hospitali, akaleta bakuli la maji na kitambaa. Huku anamkanda, midomo inamwenda kwa dua. Akamgeukia Agnesi, aliyekuwa amesimama ameganda.

"Nawe mwanangu, muombee nduguyo. Omba kama kwenu munavyoomba. Dua ya ntoto Mngu huisikia."

Agnesi akamjibu kwa adabu zote, utadhani anamwelekeza mtu dukani: "Mungu wetu hayupo, Bi Raya. Ameondoka na padri. Atarudi mwezi ujao."

Mama, mkono wa Bi Raya ulisimama hewani. Akanitazama. "Ati vyo? Kwani nyie nyumbani hamuombi Mngu?"

Hakusema kwa ubaya. Alishangaa kweli, kama aliyeambiwa kwamba nyumbani kwetu hatupiki. Huyu ndiye mwanamke ambaye wajukuu zake hawatii tonge kinywani bila bismillahi, na ndiye aliyemkataza Agnesi kuwafuata chuoni wanakosomea Kurani, akisema mtoto ana dini ya wazee wake. Alidhani tunamfundisha!

Miaka saba mtoto yuko mikononi mwangu. Kitabu cha sala nimekifungia sandukuni pamoja na nguo za Jumapili. Vyote hutoka padri akija, na hurudi siku hiyo hiyo. Angeamini nini kingine? Siku ya ubatizo wake uliniambia nisimwachie padri kazi yangu, nikaitikia haraka haraka kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Naona aibu, mama. Naona aibu hata kuiandika.

Basi nikapiga magoti palepale kwenye makonyo, vile vikonyo tulivyochambua kwenye karafuu. Nilitaka kusali vizuri, maneno yote yakanikimbia. Kilichonijia ni wewe, ukichora msalaba juu ya ugali kwa ncha ya mwiko kabla ya kupakua. Nikachovya kidole kwenye bakuli la Bi Raya, nikamchora Danieli msalaba kwenye paji la uso. Nikaanza Baba Yetu, nikakwama katikati, nikaanza upya. Agnesi akanisogelea.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Yupo?"

"Yupo."

"Toka lini?"

"Siku zote, mwanangu."

Akanikazia macho. "Mbona hukuniambia?"

Gari lilikuja. Hospitali walimchoma sindano, ni malaria, na jioni akaomba uji. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, lakini lile swali la Agnesi halijanitoka.

Sasa nachora msalaba kwenye ugali. Agnesi anasimamia, hataki uwe mwembamba. Baba yake nilipomsimulia alikaa kizingitini na viatu vyake vya lami, asikumbuke hata kuvivua. Siku hizi akiwepo yeye ndiye anayeombea chakula, anakosea, na mtoto anamsahihisha. Sijisifu, siku mbili nimeshasahau.

Nina ombi. Yale maneno uliyokuwa ukisema asubuhi ukipuliza moto, niliyasikia kila siku wala sikuyashika. Mwambie Kaka ayaandike kama utakavyoyatamka, asiyatengeneze kwa Kiswahili chake cha ualimu.

Nisalimie mke wa Kaka, na shangazi msuka mikeka, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha katekisimu, ila huyo usimsomee barua hii. Bi Raya anakusalimu sana. Anasema ulilea vizuri, ila mwanao msahaulifu.

Juzi padri alikuja tena. Alipoondoka, Agnesi akapunga mkono mmoja. Baba yake akamtania, "Leo mmoja tu?" Akamjibu, "Huu wa padri. Ule mwingine ulikuwa wa Mungu, lakini kumbe haendi."

Mama, miezi yote ile mtoto alikuwa akimuaga Mungu, nasi tumesimama pembeni yake tunacheka.

Ni mimi mwanao,
Matilda, Mama Agnesi