Mzee Musili na Kifuniko cha Birika Langu

Ndunge, siamini! Unakikumbuka kile kifuniko cha birika langu kinachogongagonga kabla hakujapambazuka? Mjukuu wangu Nyakio alirekodi mlio wake, akautumia kutengeneza hip hop isiyo na neno hata moja.

Leo baada ya ibada ya nyumbani akatuwekea. Mzee Musili wa kanisa akafumba macho. "Namwona mama akiwasha moto kule Machakos," akasema. Ndunge, alilia! Hata mimi nilikuwa nimeshafika kwetu Limuru.

Kisha mzee akauliza ni wimbo gani wa injili. "Ni hip hop, mzee," Nyakio akamjibu kwa heshima.

"Zima! Hiyo ni ya wahuni!"

Ati wahuni! Na machozi hayajamkauka! Amemwona mama yake, halafu anamtukana aliyemwonyesha. Unafiki wa mtu mzima na tai yake shingoni!

Mtoto akakunja nyaya zake. "Shosho, sirudi na hii kitu hapa." Iliniuma. Lakini bado alimmiminia yule mzee chai, tena kwa mikono miwili.

Sasa sikia. Langoni, mkewe akiwa ametangulia, Musili akamnong'oneza Nyakio: "Msichana, pitia na kwangu siku moja. Birika letu pia lina kifuniko."