Mkasi Niliompitishia Magige

Jumatatu, 6 Juni 2011

Imegoma tena. Ule mstari wa kijani umetambaa asubuhi nzima, umekaribia mwisho, ukasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Nimebonyeza. Nimepuliza vumbi. Nimeitukana Kikurya, maana Kizungu changu kiliishia darasa la sita. Kompyuta yenyewe ni ya mwanangu Marwa, aliniachia alipokwenda kutafuta kazi Geita.

Mke wangu Bhoke amechungulia kutoka jikoni. "Robi ametoka?" Kama vile dada yake amefungiwa humo ndani.

Labda amefungiwa kweli. Ni video ya harusi kule Kehancha, ng'ambo ya mpaka, Robi anamwimbia bibi harusi. Desemba aliimba, Aprili tukamzika. Sauti yake haipo mahali pengine. Deki yetu haiielewi video hiyo mpaka igeuzwe na kuchomwa kwenye diski. Kwenye kompyuta picha inaonekana, lakini spika zilikufa zamani. Jumamosi ya tarehe 18 watoto wake wanavuka mpaka kuja kumsikia mama yao. Nimeahidi mbele ya watu. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 7 Juni

Bhoke amechoka kunisubiri. Amebeba flashi akaenda kwa jirani, kwa Magige. Televisheni ya Magige, bapa kama sinia, inameza flashi bila kutafuna.

Pesa ya dhahabu hiyo. Shamba lake na langu yametengwa na mstari wa minyaa tu. Kwake vijana wa Shinyanga walichimba duara, shimo la mgodi, wakakuta mwamba wenye mali. Kwangu walichimba wakakuta maji na chura. Dhahabu ilifika kwenye minyaa ikageuza.

Nimesimama hapo kwenye minyaa, najifanya natafuta kuni. Nimemsikia mke wangu akicheka. Si kicheko cha adabu. Kile cha kushika mbavu, sijakisikia tangu msiba. Amerudi na macho mekundu, na tabasamu.

Ni nini cha kuchekesha humo? Najua. Magige yumo, anacheza, tumbo limetangulia. Nina wivu. Umri huu.

Alhamisi, 9 Juni

Baruti ya mgodini imelipuka mchana, kikombe kimecheza mezani, na mashine ikasimama palepale pa siku zote. Basi nimempata mchawi. Baruti.

Halafu nimegundua kitu kitamu. Programu ina alama ya mkasi. Unaonyesha mwanzo, unaonyesha mwisho, unabonyeza, cha katikati kinapotea. Nimemwinda Magige kila alipo. Anaingia, kata. Anacheza, kata. Anamsogelea Robi na kufungua mdomo, kata. Dhahabu yake yote haijampa raha niliyopata leo.

Na ajabu, video imekuwa fupi, mstari ukafika mwisho bila kugoma. Diski imechomeka. Kumbe ugonjwa ulikuwa Magige.

Ijumaa, 10 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika. Nimemwita Bhoke, amefuta mikono, ameketi. Deki imekubali. Robi amesimama, amefungua mdomo, ikatoka sauti ya Magige. Robi akafunga mdomo, ndipo akasikika akiimba, huku kwenye picha mbuzi anachunwa. Mkasi umekata picha. Sauti umeiacha nzima, inatembea peke yake.

Bhoke hakupiga kelele. Amesema tu, "Umemnyang'anya Robi sauti yake." Ameenda kuchambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa.

Nimejisikia mdogo kuliko yule chura.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya kanisa amekuja Magige. Hajapiga hodi. Sisi ni rika moja, tumetahiriwa msimu mmoja, na mtu wa rika lako haulizwi mlangoni, wala hafukuzwi. Ameketi kwenye kiti changu. Amekula ugali wangu, amemsifu Bhoke kwa mlenda. Mimi natafuna tu.

"Baba Marwa, acha kuhangaika," ameniambia. "Wageni walete kwangu. Kwangu kuna makochi."

"Makochi yako yana matope ya duara," nimemjibu.

Amecheka, hana hata aibu ya kukasirika. Kisha amesema, "Ule wimbo Robi alinichagua mimi nimwitikie. Nikiusikia, najua pumzi yake ilikuwa imeanza kupungua. Mimi ndiye nilikuwa namwongezea nafasi ya kuvuta."

Sikuwa najua. Nilikuwa naangalia bila sauti. Niliyemkata ndiye aliyekuwa anambeba.

Amerudi kwake. Kiti changu kimebaki na joto lake. Hata hilo nimemwonea wivu.

Jumatano, 15 Juni

Nimeanza upya na video nzima. Magige na tumbo lake lote. Imegoma palepale. Safari hii baruti hata haijalia.

Chini kuna sentensi ya Kizungu inayotokea kila inapogoma. Nilidhani ni salamu. Nimeitafuta neno kwa neno kwenye kamusi ya Marwa. Inasema hakuna nafasi. Kompyuta imeshiba. Ndiyo maana ile fupi ilipita.

Kilichoijaza ni sinema zangu za ngumi. Nimezifuta zote, moja moja, kama mtu anayechinja kuku aliowapa majina. Umeme umekatika mara moja, nikasubiri. Uliporudi nikaanza tena. Mstari umefika mwisho.

Sijamwambia Bhoke. Naogopa.

Jumamosi, 18 Juni

Wamekuja, wameona, wameondoka kabla jua halijazama. Robi aliimba kwa mdomo wake mwenyewe. Magige akaitikia mahali pake. Mtoto mkubwa wa Robi alishika pembe ya televisheni kana kwamba ni bega.

Magige alikuwepo. Nilimpa kile kigoda kinachoyumba.

Kisha Bhoke akacheka, kile kicheko. Akanisogeza kichwa kwa mkono wake. "Usimwangalie huyo. Angalia nyuma yake."

Nyuma ya Magige kuna mzee ameingiza sufuria ndani ya shati, anatembeza tumbo hilo kwa madaha, hatua kwa hatua na Magige. Mimi. Pombe ya harusi ilinisahaulisha. Pembeni, Bhoke ameshika mbavu.

Video hiyo nimeiangalia siku ngapi, na kila alipoingia Magige macho yangu yaliishia kwake. Kila nilipomkata yeye, nilikata na kicheko cha Bhoke.

Sasa Bhoke anaosha vikombe, anauimba ule wimbo kwa chini. Anaacha kimya mahali pa kuitikia. Nimejaribu kuitikia. Sauti mbaya. Hajanikataza.

Kigoda sijakirekebisha.