Picha ya Tumbo la Keru

Mountain View,
Alhamisi asubuhi.

Kwako dada Wangeci,

Salamu nyingi kutoka huku kwangu. Natumai miguu imepunguza kuuma na baridi ya Ol Kalou haijawashinda. Sisi tu wazima, watoto wako shule, na mvua imetuoteshea majani ya kutosha. Simu zako nne nimeziona. Sikushika kwa sababu jambo hili nilishindwa kulisema kwa mdomo, ndiyo nikatafuta kalamu.

Ni habari ya Keru. Najua ndiye ng'ombe pekee aliyebaki wa uzao wa mama, na najua tulivyokubaliana: akizaa jike, ndama anakuja kwako. Ulimtuma Kiema, yule mtaalamu wa mifugo, ampandishe kwa ile mbegu ya kuzaa majike, maana Keru amezeeka na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Sikukataa. Lakini si unanijua, mtu akiniongelesha kwa upole sana naanza kushika mkoba wangu.

Basi siku sitini na tano baadaye Kiema akarudi na mashini ya kupiga picha za tumbo, kama zile za akina mama wajawazito. Akavaa glavu hadi begani, akaingiza mkono nyuma ya Keru, macho kwenye skrini. Akanieleza kwamba siku hizi mfugaji habahatishi. Ng'ombe ambaye hajashika anajulikana mapema, anapandishwa tena, na wale wa damu nzuri wanaacha mabinti wengi. Akasema Keru ameshika, tena ni jike. Mimi niliona mawingu tu. Nikamuuliza hilo jike analionaje, akanionyesha kinukta cheupe. Kinukta, dada! Nikajiambia, kwani huyu si ndiye aliyempandisha? Sasa anajisahihishia mtihani wake mwenyewe, atasema ameanguka?

Alinichapishia picha, akaenda zake. Nilipovaa miwani nikaona pale juu imeandikwa AVNI. Jina la mtu! Jina la mwanamke wa Kihindi! Nikakaa juu ya ndoo. Nikaona wazi kwamba nimepewa picha ya mimba ya mama wa watu, na tumboni mwa Keru hamna kitu ila nyasi.

Hapo akili ikaanza kukimbia. Nikakumbuka ni wewe uliyemleta Kiema. Nikakumbuka nilipokuambia kwamba Keru asiposhika namuuza kwa bucha, ulinisihi ningoje kwanza. Nisamehe, nilikushuku hata wewe. Nilidhani mmepanga kunidanganya ili niendelee kumlisha. Jumamosi kwenye kikundi chetu cha wafugaji niliipitisha ile picha mkono kwa mkono. Watu walicheka hadi machozi. Wanne walimpigia Kiema hapo hapo wakamwambia asikanyage tena kwao. Alipokuja kujieleza nilimfungia geti, nikamwacha akiongea na mabati.

Jana nilienda River Road kwa mzee Amirali, anayeuza mashini za hospitali zilizotumika. Kiema alikuwa ameniambia ndiko alikoinunua yake, na mimi nilitaka ushahidi wa kupeleka polisi. Mzee akaitazama picha, akatabasamu, akasema mashini hiyo ilitoka kliniki ya uzazi iliyofungwa, na jina la mgonjwa wa mwisho hubaki pale juu mpaka mtu alifute. Nikakataa. Akawasha nyingine iliyokuwa pale dukani, akapitisha kile kifaa kwenye kiganja changu, akachapisha. Ulikuwa mkono wangu, na juu yake jina la mwanamke nisiyemjua kabisa. Kisha akaweka kidole kwenye picha ya Keru, akanionyesha kichwa, mgongo na miguu ndani ya yale niliyoyaita mawingu. Woi, dada, nilitoka dukani mbio bila hata kuaga.

Maana kuna kitu sijakuambia. Jumatatu nilinunua sindano ya kumrudisha ng'ombe kwenye joto, apandishwe upya. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika ng'ombe hana mimba, kwa kuwa dawa hiyo huitoa. Nilimjibu nina hakika, tena kwa ukali. Nikamdunga Keru mimi mwenyewe, kwa mkono huu ninaokuandikia, ili nimwite mtu mwingine na kuwaaibisha wewe na Kiema.

Nilifika nyumbani saa tisa nikikimbia. Keru alikuwa amesimama kwenye kona, akinusa chini. Ndama nilimkuta pale chini, dada, mdogo kama panya, kwato zimeshaanza. Sikuangalia kama ni jike. Sikuweza. Nilipiga magoti kwenye samadi nikalia vile nilivyolia tulipomzika mama.

Hakuna aliyekosea ila mimi. Kiema bado hajui. Kikundi kinakutana tena Jumamosi, na nitasimama mbele ya wale wale waliocheka niseme nilichofanya, yeye akiwepo. Msamaha wako sijui nianzie wapi kuuomba.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda. Usinipigie kwanza, nipe siku mbili tatu. Ile picha nimeitia humu ndani ya bahasha. Jina lililo juu si lake, lakini ndiye yeye, na alikuwa wako.

Ni mimi mdogo wako,
Wanjugu